Kilo Hamsini na Nane Nukta Nne

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Siku njema. Mzee Valerian, mwenyekiti wa chama chetu cha msingi cha kahawa hapa Nkwaseni, ametangaza mbele ya kamati nzima kwamba mizani mpya itazinduliwa Jumamosi, na kwamba programu ya kutoa stakabadhi nitaiandika mimi. Alisema "Filbert wetu". Wetu. Nimelipigia mstari.

Mizani yenyewe ni ya umeme, zawadi ya parokia rafiki ya Ujerumani. Bamba la chuma, kioo kidogo cha namba, na waya wa kuiunganisha na kompyuta. Mkulima anaweka gunia, kompyuta inasoma uzito, printa inatoa stakabadhi yenye jina na kilo. Hakuna mkono wa mtu. Mwenyekiti alisema ni jambo la kufa na kupona. Tangu soko la kahawa lifunguliwe, wanunuzi binafsi wanapandisha lori hadi njia panda yetu, na wakulima wanawapelekea kwa sababu wanaamini mizani yetu ya zamani inakula kilo. Wakihama wote msimu huu, tunafunga milango.

Kisha likaingia doa. Kazi ya kuifundisha mizani kuongea na kompyuta wamempa Abdulkarim wa Majengo. Fundi redio. Ameandika maktaba ya C, yaani kifurushi cha amri ambacho programu yangu italazimika kukiita.

C ni lugha ya mafundi: shika hiki, weka pale, futa kile. Mimi naandika Haskell, lugha ya fanksheni. Humo fanksheni ni kama hesabu ubaoni: ukiiuliza swali lile lile, inatoa jibu lile lile, leo, kesho, hata Pasaka. Nilijifunza mwenyewe, miezi kumi na minne, kwa kitabu alichoacha mwalimu mmoja wa kujitolea. Kuanzia Moshi mpaka Sanya Juu hakuna mwingine anayeijua. Nimeuliza.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeshuka mjini na pikapu ya ndizi. Nilivaa tai.

Abdulkarim ana chumba kimoja Majengo, uani kwa mama yake. Televisheni zimefunguliwa matumbo hadi mlangoni. Nilimwamkia mama yake, Bi Mwantumu, akaitikia marahaba, akanipa kahawa na kashata, akaniuliza kama nimefuata pasi yangu. Nikamweleza kwamba mimi ni mtaalamu wa kompyuta. Akasema hata hivyo nikae.

Abdulkarim ni mtu mpole, na jambo hilo linaudhi. Alinipa disketi. Maktaba yake ina amri moja tu ya maana, soma_uzito. Akaniambia, huku anachomelea waya wala hanitazami: "Kila ukiiita, inakwenda kuiuliza mizani upya. Ila uiite kila mara, ndugu yangu. Mizani haina kumbukumbu."

Nilimjibu kwamba najua fanksheni ni nini. Akasema hana shaka.

Aliuliza naandika kwa lugha gani. Nilimweleza kwa dakika arobaini. Mwishoni akauliza swali moja: je, hiyo lugha ina mlango wa kuingizia C? Nikasema upo. Ni kama nyumba yenye daftari la wageni. Juu ya programu unaandika jina la mgeni kutoka C, anapewa nini, anarudisha nini. Ukishamwandika, unamwita kama mtu wa nyumbani.

Akasema ni utaratibu mzuri, bora tu umwandike mgeni kwa ukweli. Sikupenda alivyolisema.

Jumatano, 8 Oktoba

Asubuhi kompaila, ile programu inayokagua nilichoandika na kukigeuza kuwa lugha ya mashine, imenikataa mara kumi na tisa. Ilidai haimjui huyo soma_uzito. Nikalaumu disketi. Nikailaumu Majengo yote. Ilipofika saa tano nikagundua kwamba nilisahau kuionyesha maktaba iko wapi. Kosa la kawaida, hata wakubwa hulifanya.

Saa sita kasoro, namba ya kwanza: 71.2. Ni mimi mwenyewe juu ya bamba, na viatu. Nilisimama pale kwa muda. C imeongea ndani ya Haskell, hapa Nkwaseni, kati ya migomba. Nilitamani mtu apite aniulize nafanya nini. Alipita mbuzi.

Mchana, shida ya heshima. Kitabu kinasema chochote kinachogusa dunia ya nje lazima kibebe alama ya herufi mbili, IO, kwa sababu dunia hubadilika. Na alama hiyo huambukiza. Fanksheni inayoita yenye alama, nayo inapata alama. Kufikia saa nane programu yangu yote ilikuwa imejaa alama kama mtoto mwenye surua. Programu yangu, iliyokuwa safi. Kisa, mgeni mmoja wa Majengo.

Nikapata wazo. Kwenye daftari la wageni nikaandika kwamba soma_uzito ni safi. Haigusi dunia. Haina haja ya alama. Kompaila haina namna ya kuhakiki. Katika mambo ya C inaamini neno la mwenye nyumba. Ikanyamaza. Ikapita mara ya kwanza.

Nikafuta alama zote. Mistari sitini ikawa kumi na minne. Nimeisoma kwa sauti mara mbili. Mke wangu Theodora ameuliza hiyo ni sala ya mtakatifu gani.

Alhamisi, 9 Oktoba

Majaribio. Nikapanda mizani: 71.2. Nikafunga programu, nikanywa mtori wa ndizi, nikafungua tena, nikapanda: 71.9. Mtori umeonekana! Nikafunga, nikafungua, nikaweka gunia la chumvi: 50.0. Sijawahi kuona uthabiti wa namna hii.

Theopista, karani wa mizani ya zamani, alikuwa mlangoni ameshika kiuno. Amepima kahawa ya kijiji hiki miaka ishirini na mbili, na ana tabia ya kuuliza. Aliuliza mbona nafunga na kufungua kila mara. Jumamosi watu watapanga foleni. Kwa nini nisipime vitu viwili vitatu mfululizo bila kufunga?

Nilimweleza kwamba fanksheni ikiwa sahihi mara moja ni sahihi daima. Ndiyo maana ya fanksheni.

"Mimi sijui fanksheni," alisema. "Najua foleni."

Nikamshukuru kwa mchango wake.

Halafu jambo dogo la mapambo. Ile mizani ina kioo chake cha namba, cha ukubwa wa kiganja, na watu wangekikodolea hicho badala ya skrini yangu. Nimekifunika kwa picha ya mlima niliyokata kwenye kalenda, na kuigundisha kwa gundi ya viatu. Imependeza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimetengeneza kichwa cha stakabadhi. "Mfumo wa Kupima Kahawa, Umeandikwa na Filbert." Jina la Abdulkarim halikutosha. Nilijaribu kupunguza herufi, kweli, lakini printa yetu ni nyembamba.

Pia nimempelekea Abdulkarim ujumbe kupitia dereva wa pikapu kwamba uzinduzi ni saa kumi jioni. Uzinduzi ni saa tatu asubuhi. Sijamdanganya kwa ubaya. Mtu wa mjini hachelewi kuchoka, na saa kumi kutakuwa na pombe ya mbege iliyobaki, ingawa sasa nakumbuka yeye hanywi.

Theodora amepiga pasi shati. Ameuliza kama nimemwalika fundi. Nimesema nimemwalika.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika saa nane mchana, nimekaa stoo, juu ya magunia matupu.

Saa tatu uwanja ulijaa. Wazee na makoti yao, akina mama na vikapu vya kahawa ya maganda, punda wanne. Paroko akabariki bamba. Njia panda lile lori la mnunuzi binafsi lilikuwa limeegeshwa, dereva amelala kifudifudi juu ya kichwa cha gari, akitutazama kama mtu anayengoja mvua.

Nikafungua programu. Mwenyekiti akawa wa kwanza, gunia moja. Skrini: 58.4. Printa ikalia, stakabadhi ikatoka. Vigelegele. Nikainama kidogo.

Wa pili, Mzee Leodegar wa bondeni, gunia lililolegea kama soksi. 58.4. Alisoma stakabadhi yake, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaitia mfuko wa ndani wa koti na kuondoka bila kuaga mtu. Wa tatu, Mwalimu Denis. 58.4. Alisema ni bahati nzuri. Wa nne, wa tano, wa sita: 58.4. Hakuna aliyelalamika. Foleni ilikuwa inatembea kwa tabasamu. Nilisikia mzee mmoja akimwambia mwenzake kwamba sasa ndipo tumepata mizani yenye utu. Nakiri kwamba namba niliiona. Nikadhani wamefunga magunia kwa kipimo kimoja, kwa heshima ya siku.

Wa kumi na moja, Bibi Kornelia. Ni mjane, kihamba chake cha migomba na kahawa ni kipande tu ng'ambo ya mto. Akatua kikapu. 58.4. Nikampa stakabadhi. Akamwomba mjukuu wa jirani amsomee, akasikiliza, kisha akairudisha mezani na kuilaza kwa mikono miwili.

"Filbert baba," akasema, "kikapu hiki nimekibeba kichwani tangu mtoni. Kingekuwa na kilo hamsini na nane, mngekuwa mmenizika njiani. Nipe zangu."

Nikamwambia kompyuta haikosei. Akasema hajasema imekosea, ila hizi si zake, na Mungu anamjua.

Nyuma yake alikuwa Wenseslaus, mwenye shamba kubwa kuliko wote na sauti ya kulingana nalo. Alipakia magunia matatu kwa mpigo. 58.4. Akauliza, taratibu sana, yale mengine mawili yamekwenda wapi. Nikaanza kueleza maana ya fanksheni. Nadhani nilifika kwenye hesabu ubaoni.

Theopista hakungoja. Alikuja na kisu cha kumenyea ndizi, akabandua mlima wangu. Kioo cha mizani kilisema 171.0. Wenseslaus akashusha magunia. Kioo: 0.0. Theopista akanitazama, akaniambia nipime. Nikabonyeza. Skrini yangu ikasema, mbele ya paroko na kijiji kizima, kwamba juu ya bamba tupu kuna kilo 58.4.

Kicheko chao sitakieleza. Mtu mmoja alisema hata upepo wa Nkwaseni una kahawa. Lakini kicheko hakikukaa. Wenseslaus alipakia punda wake akashika njia ya lori, na wengine tisa wakamfuata. Dereva alishuka kuwapokea kama maharusi. Mwenyekiti alikaa kwenye benchi ameshika kofia, anaizungusha ukingo. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Theopista aliivuta ile mizani ya zamani kutoka stoo na kuanza upya na waliobaki. Nikambebea magunia. Bibi Kornelia: kilo tisa na robo. Alisema ahsante, akaninyooshea kola ya shati, akaondoka na kikapu kitupu. Kulikuwa na vumbi jingi la kahawa, macho yalikuwa yananiwasha.

Chanzo nimekwisha kukijua: ni maktaba ya Abdulkarim. C ndivyo ilivyo.

Jumapili, 12 Oktoba

Jana saa kumi kamili Abdulkarim aliingia uwanjani na bahasha ya maandazi kutoka kwa mama yake. Alikuta nyayo za punda, Theopista na mimi. Akaangalia saa yake. Theopista akamweleza yote, tangu baraka mpaka upepo. Akamweleza pia kwamba uzinduzi ulikuwa saa tatu. Abdulkarim akasema huenda dereva alisikia vibaya. Hakunitazama aliposema hivyo, na nilitamani anitazame.

Nikamwambia maktaba yake inarudia namba. Hakubishana. Alikaa kwenye kompyuta, akafungua maktaba yake, akaongeza mstari mmoja: kila soma_uzito ikiitwa, ichapishe nukta moja kwenye skrini. Tukafungua programu. Tukapima jiwe: nukta moja, kilo kumi na mbili. Tukapima gunia: hakuna nukta, kilo kumi na mbili. Tukampima Theopista: hakuna nukta, kilo kumi na mbili. Theopista akasema namba hiyo angeipenda iwe kweli.

Abdulkarim akageuza kiti.

"Ndugu yangu, maktaba yangu imeulizwa mara moja tu. Hao wengine wote umewajibu mwenyewe."

Alikuwa akizungusha andazi mkononi, ananingoja. Mwishoni nikamwonyesha daftari la wageni. Nilipoandika kwamba soma_uzito ni safi, niliiambia lugha kwamba jibu halibadiliki kamwe. Haskell si mjinga. Kitu kisichobadilika kinaulizwa mara moja, jibu linawekwa, basi. Ilitii neno langu kuliko mtu yeyote aliyewahi kunitii.

Akasema basi, kumbe lugha haina kosa. Nikasema ndivyo nilivyosema tangu mwanzo.

Nikarudisha alama. Zote. Mistari kumi na minne ikawa sitini na miwili. Jiwe, nukta. Gunia, nukta. Theopista, nukta, na akatuamuru tufute namba yake. Kila uzito ulilingana na kioo.

Leo baada ya misa paroko aliwaomba walio na stakabadhi za 58.4 wazirudishe. Zilirudi zote isipokuwa moja. Mzee Leodegar amesema yake imeliwa na mbuzi.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikukuu ya taifa, watu wako nyumbani, mwenyekiti akasema turudie uzinduzi. Safari hii bila vigelegele. Walikuja kidogo kidogo, wamekunja mikono. Wenseslaus alikuja bila punda, kutazama tu. Kioo cha mizani kilikuwa wazi, Theopista amesimama kando yake kama askari.

Bibi Kornelia aliomba awe wa kwanza. Kikapu chake cha wiki hii: skrini 7.6, kioo 7.6, na Theopista akakipeleka kwenye mizani ya zamani pia, ikasema saba na nusu na kidogo. Bibi akasomewa stakabadhi. Akaikunja, akaitia kwenye pindo la khanga.

"Hizi ndizo zangu," akasema.

Ikasikika hadi nyuma. Wa pili 41.3. Wa tatu 66.0. Namba zote tofauti. Sijawahi kufurahia fujo namna hiyo. Baada ya wa ishirini Wenseslaus aliuliza kama mtu anaweza kutuma punda wawili tu, wa kujaribu. Wamekuja saa nane. Kilo 112.8, na hakusema neno. Kwa Wenseslaus hiyo ni hotuba. Lori la njia panda limeondoka mapema, nusu tupu.

Mwenyekiti alisimama akamshukuru Abdulkarim wa Majengo "na msaidizi wake, Filbert". Watu walipiga makofi. Nilipiga pia. Stakabadhi sasa zina majina mawili, la kwake juu. Printa imetosha, kumbe. Abdulkarim aliniambia, tukila maandazi, kwamba hajawahi kuona C ikipokelewa vizuri hivyo ndani ya lugha nyingine, na kwamba akipata nafasi angependa nimfundishe. Nikasema nitaangalia ratiba yangu.

Msaidizi. Lakini nani aliyefungua mlango?

Jumatano, 15 Oktoba

Sifa zimesafiri. Mkuu wa sekondari ya kata, Mwalimu Monica, amekuja mwenyewe ofisini. Anataka kompyuta ya shule ipige kengele za vipindi vyote, kuanzia Jumatatu. Aliuliza kama nitamhitaji na yule fundi wa Majengo. Nikamwambia kwa jambo dogo kama saa, hapana.

Nimeanza mara moja. Saa ya kompyuta inasomwa kwa amri ya C, ipo tayari, haihitaji hata disketi. Nimemwandika mgeni kwenye daftari. Alama za IO zikaanza kutambaa tena, ukurasa mzima. Inaumiza kutazama.

Nimetafakari kwa kina. Mizani ilikuwa suala la kahawa, na kahawa hubadilika, kila mtu na gunia lake. Hilo nimelielewa vizuri kuliko yeyote. Lakini saa ni saa. Ni ile ile kwa mwalimu, kwa mwanafunzi, kwa tajiri na mjane. Nimefuta alama. Mistari kumi na mmoja, safi kama maji ya chemchemi.

Nikaijaribu. Ikasema saa nne na dakika kumi. Nikaangalia saa ya ukutani: saa nne na dakika kumi.

Nimemtumia Mwalimu Monica habari kwamba kazi imekwisha.